Linux imegoma kuwaka: utengeneze ndani, utumie fleshi, urudi nyuma au usakinishe upya?

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi baada ya robo saa, na kompyuta ya mezani ambayo mchana kutwa ilikuwa ikifanya kazi bila shida sasa inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe: `UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY`. Chini yake kuna neno `initramfs` ndani ya mabano, na kistari kinachowaka na kuzimika kikisubiri amri. Mwenye kompyuta anapiga simu kuomba ushauri. Rafiki wa kwanza anamwambia apige windo upya, yaani asakinishe mfumo tangu mwanzo (hapa hakuna Windows yoyote, lakini msemo ndio huo huo). Wa pili anamwambia awashie fleshi. Wa tatu anamwuliza kama ana picha ya mfumo ya juzi airudie. Wa nne anamwambia aandike mstari mmoja tu pale pale alipo, kisha asubiri. Kila mmoja ana hoja yake, na ndiyo maana mtu hubaki amekwama katikati yao.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne kwa mtumiaji wa Linux ya ukoo wa Debian, yaani Debian yenyewe, Ubuntu au Linux Mint, kwa sababu ndizo nizitumiazo kila siku. Mwenye Fedora, openSUSE au hata FreeBSD atakuta hoja ni zile zile isipokuwa baadhi ya amri. Njia ya kwanza nitaiita kutengeneza ndani: unatumia zana ambazo mashine yenyewe inazo, ama kwenye `initramfs` (mfumo mdogo wa muda unaotangulia mfumo kamili), ama kwenye hali ya uokoaji inayopatikana katika menyu ya GRUB, programu inayoianzisha Linux. Ya pili ni fleshi ya uokoaji, ambayo ina Linux nzima inayowaka bila kugusa diski yako. Ya tatu ni kurudi nyuma, ama kwa kuchagua kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani, ama kwa kurejesha picha ya mfumo, yaani kumbukumbu ya jinsi faili zake zilivyokuwa, iliyopigwa kabla ya tatizo. Ya nne ni kusakinisha upya.

## Vigezo

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza, ambacho kwangu ni kizito kuliko vingine, ni kile ambacho njia inakiona: je, itakuwezesha kujua kama kilichoharibika ni maunzi, yaani diski, memori, betri au feni, au ni programu? Cha pili ni usalama wa faili zako. Cha tatu ni gharama ya bando, umeme na muda. Cha nne ni ujuzi unaotakiwa, ukiwamo ujasiri wa kuandika amri kwenye skrini isiyo na kipanya wala picha.

Kabla ya kuvitumia vigezo hivyo, tazama mashine imekwama wapi. Kompyuta huwaka kwa kupokezana kijiti: UEFI au BIOS, programu iliyo ndani ya mashine yenyewe, huamsha vifaa na kuiita GRUB, GRUB huipakia kerneli pamoja na initramfs, kerneli huutafuta mfumo wa faili na kuikabidhi systemd kazi, na systemd huwasha huduma moja moja hadi skrini ya kuingilia. Kama hata nembo ya mtengenezaji haijitokezi, hakuna hata njia moja kati ya hizi nne itakayokufaa. Chomoa memori uirudishe, jaribu chaja nyingine, unganisha skrini ya nje, na ikishindikana mpelekee fundi wa vifaa. Kama nembo imeonekana, endelea kusoma.

## Njia inaona nini

Kutengeneza ndani kunaona makosa ya programu kwa ukaribu kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu uko ndani ya mfumo ule ule ulioharibika. Ukifika kwenye hali ya uokoaji, amri ya `journalctl -b -1 -p err` hukuonyesha makosa ya mara ya mwisho mashine ilipowashwa, `df -h` hukuambia kama diski imejaa, na `systemctl --failed` huzitaja huduma zilizokataa kuanza. Mara nyingi jibu ni dogo la kuchekesha. Kuna mtu aliongeza diski ya nje kwenye faili la `/etc/fstab`, akaichomoa, na sasa mfumo unaisubiri dakika moja na nusu kila unapowaka, kisha unaangukia hali ya dharura. Neno `nofail` likiongezwa kwenye mstari huo, shida imekwisha. Udhaifu wa njia hii ni kwamba zana unazozitumia kuichunguza diski zimehifadhiwa kwenye diski hiyo hiyo unayoishuku. Ni kesi ya ngedere anayoiamua nyani. Zana ikikwama, huwezi kujua kama imekwama kwa sababu ya kosa la mfumo au kwa sababu diski imeshindwa kuisoma.

Fleshi ndiyo inayotenganisha maunzi na programu kwa uwazi zaidi, kwa kuwa inaleta mfumo mwingine mzima juu ya vifaa vile vile. Kama sauti, mtandao usio na waya na skrini vinafanya kazi chini ya fleshi, vifaa ni vizima na kosa liko kwenye mfumo uliosakinishwa. Kinyume chake hakina uhakika kiasi hicho, na hapa ndipo wengi huhukumu haraka. Kadi ya Wi-Fi ikikataa chini ya fleshi, huenda si mbovu; huenda fleshi haina famwea yake, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi kwa ndani. Diski rasmi za kusakinishia Debian zilianza kubeba famwea zisizo huria katika Debian 12 ya mwaka 2023, kwa hiyo mwenye fleshi ya Debian ya kabla ya hapo anaweza kuitangaza kadi nzima kuwa imekufa. Andika `lspci -k`, utafute jina la kadi, uone kama chini yake kuna mstari wa draiva inayotumika, kisha utafute neno `firmware` ndani ya `dmesg`.

Kwa diski, fleshi hukupa nafasi ya kuiangalia ikiwa imetulia, bila mfumo kuandika chochote juu yake. Amri ya `smartctl -a /dev/sda` hutoa jedwali refu linalotisha, lakini mistari ya kuangaliwa ni minne. Namba 5 huhesabu vipande vya diski vilivyokufa na kubadilishwa na vya akiba. Namba 197 huhesabu vile ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado haijaamua ivifanye nini. Namba 198 huhesabu vile vilivyoshindikana kabisa. Zote tatu zikiwa sifuri, diski haijakiri kosa. Namba 197 ikiwa si sifuri na inapanda kila siku, acha mambo mengine yote na uanze kunakili. Namba 199 ni tofauti: ikipanda yenyewe huku nyingine zimetulia, kwa kawaida mwenye kosa ni kebo inayounganisha diski, na kebo ni bei rahisi mno kuliko diski. Diski za NVMe hazina namba hizo. Kwenye hizo tazama mstari wa asilimia iliyotumika na ule wa makosa ya uadilifu wa data.

Memori nayo hupimwa vizuri nje ya mfumo. Programu ya Memtest86+ kuanzia toleo la 6.00 la mwaka 2022 huwaka pia kwenye mashine za UEFI, na kuiacha usiku kucha ni bora kuliko kuiangalia kwa dakika kumi, kwa sababu kosa la memori hupenda kujitokeza mashine ikiwa imepata joto.

Kurudi nyuma hakuchunguzi chochote, lakini ni jaribio zuri sana. Ukichagua kerneli ya wiki iliyopita kwenye menyu ya GRUB na mashine ikawaka vizuri, umejua kwa dakika mbili kwamba mhusika ni sasisho, si kifaa. Ukirudisha picha ya mfumo ya siku ambayo kila kitu kilikuwa sawa na tatizo likabaki vile vile, shaka inahamia kwenye maunzi. Kwa kigezo hiki naiona njia hii kama kipimo zaidi kuliko tiba, kwa sababu lile kosa la sasisho bado lipo na litarudi siku utakaposasisha tena.

Kusakinisha upya hakuoni kitu na hufuta ushahidi. Mfumo mpya ukionyesha ugonjwa ule ule, basi umepata uthibitisho kwamba kosa ni la maunzi, ila umeulipia gharama kubwa. Hatari zaidi ni pale unapoonekana kupona. Diski inayoanza kufa huwa na sehemu nzima nyingi, na faili mpya zinaweza kuangukia sehemu hizo. Mashine inakwenda vizuri wiki mbili, mwenye nayo anamshukuru fundi, kisha inaanza upya.

Hapa niongeze mfano mmoja wa maunzi yanayojifanya programu, maana ulinipotezea siku nzima. Kompyuta mpakato yangu ya mtumba ilikaa siku nne bila kuwashwa, betri yake kuu ikaisha. Nilipoiwasha ofisini kwa mtu, kivinjari kilikataa karibu kila tovuti kwa madai ya vyeti, na `apt update` ikalalamika kwamba faili la `Release` halijaanza kutumika, eti bado siku tatu na saa kadhaa. Nilibadilisha seva za programu, nikafuta orodha za `apt`, nikakaribia kusakinisha upya. Mwishowe nikaandika `timedatectl`: saa ya mashine ilikuwa nyuma siku nne. Ile betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi ilikuwa imekufa, na mtandao wa ofisi ile ulikuwa umeziba njia ya kusahihisha saa, kwa hiyo mashine ilianza pale ilipoishia. Kusakinisha upya kusingebadilisha lolote.

## Faili zako zina usalama gani

Tofauti kubwa kati ya njia hizi iko kwenye swali la nani anaandika juu ya diski na lini. Kutengeneza ndani mara nyingi humaanisha `fsck`, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, na `fsck` huandika. Kwenye `initramfs` mfumo mkuu wa faili bado haujapachikwa, yaani haujafunguliwa utumike, kwa hiyo ni mahali halali pa kuiendesha. Kuiendesha juu ya mfumo uliopachikwa na unaoandikwa ni kujitafutia balaa. Baada ya umeme kukatika kwenye diski nzima, `fsck -y /dev/sda2` (kwa jina halisi la sehemu yako) kwa kawaida hurekebisha mambo bila hasara, na faili zilizopoteza jina huwekwa katika saraka ya `lost+found`. Lakini kama `dmesg` inatiririsha mistari yenye `I/O error`, ile `-y` inakuwa ndiyo ya kipofu: unaijibu ndiyo kila hoja ya diski ambayo haijui inachosoma, na unailazimisha iandike wakati nguvu yake ya mwisho ilipaswa kutumika kukutolea picha za watoto na hati za kazi.

Fleshi ndiyo mahali pa utulivu zaidi. Unaweza kuipachika diski kwa kusoma tu, `mount -o ro,noload`, ukanakili unachokihitaji. Diski ikiwa inakufa, GNU ddrescue huinakili nzima kwenda diski nyingine, ikichukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuzirudia zile ngumu baadaye, huku ikiandika ramani ya ilipofika ili hata ukizima uendelee ulipoachia. Kisha `fsck` unaiendesha juu ya nakala, si juu ya mgonjwa. Kama diski imefungwa kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, itabidi uifungue kwanza kwa `cryptsetup open`, na bila neno la siri hakuna fleshi itakayokusaidia.

Kurudi nyuma kuna kutoelewana kunakojirudia. Kerneli ya zamani haigusi faili zako hata kidogo. Timeshift, programu ya kupiga picha za mfumo ambayo Linux Mint huja nayo, kwa kawaida hupiga picha ya mfumo peke yake na kuiacha `/home`. Hivyo ukirejesha, barua uliyoiandika jana haitafutika, ila pia ile uliyoifuta kwa bahati mbaya haitarudi. Na picha ikiwa imehifadhiwa kwenye diski hiyo hiyo, diski ikifa inakufa nayo. Hiyo si nakala ya akiba, hata kama wengi huiita hivyo.

Kusakinisha upya kuna hatari ya dakika moja: ile skrini ya kugawa diski. Anayechagua kufuta diski nzima amefuta. Mwenye `/home` kwenye sehemu yake ya pekee anaweza kuiambia programu ya kusakinisha iitumie bila kuiformati, na hilo ni jambo linalofaa kupangwa siku ya kwanza, si siku ya msiba. Asiyekuwa nayo anakili kwanza kwa fleshi, na akumbuke saraka zilizofichwa: `.ssh`, `.config`, na kwa Ubuntu ya siku hizi alamisho za Firefox ziko ndani ya `snap/firefox`, mahali ambapo watu wengi hawapatazami.

## Bando, umeme na muda

Kwa kigezo hiki njia za ndani na za kurudi nyuma ndizo nafuu. `dpkg --configure -a`, inayomalizia usakinishaji uliokatizwa, haihitaji intaneti kabisa, ingawa `apt --fix-broken install` inaweza kuhitaji kupakua kifurushi kimoja au viwili. Kurudi kwenye kerneli ya zamani ni dakika mbili. Kurejesha picha ya Timeshift ni suala la dakika, kutegemea ukubwa wa mfumo na kasi ya diski. Gharama ya picha ililipwa mapema, kwa nafasi: ile ya kwanza ya aina ya rsync huchukua karibu ukubwa wote wa mfumo, na kwenye SSD ya GB 128 hilo si jambo dogo.

Fleshi ni ghali kwa asiyekuwa nayo. Ubuntu 24.04 inapita GB 5 kupakua, na kwa bando la simu hiyo ni fedha ya kuonekana. SystemRescue, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa na yenye `smartctl` na `ddrescue` ndani yake, ni karibu GB 1. Faili la netinst la Debian halifiki hata GB 1 na lina hali yake ya uokoaji inayoweza kukuingiza kwenye mfumo wako, ila kwa uchunguzi wa vifaa lina zana chache. Hitaji linalosahaulika ni kompyuta ya pili ya kuandikia fleshi, na mwenye mashine moja iliyokufa hana. Simu ya Android yenye kebo ya OTG na programu ya EtchDroid inaweza kuifanya kazi hiyo.

Kusakinisha upya huonekana kama nusu saa, na kwa kweli programu ya kusakinisha huweza kumaliza ndani ya muda huo. Muda unaofichika ni wa baada ya hapo: masasisho, printa, kibodi, programu zilizowekwa mwaka mzima kidogo kidogo. Aliyewahi kuhifadhi matokeo ya `apt-mark showmanual` atashukuru. Umeme pia uhesabiwe. Kompyuta mpakato yenye betri nzima inaweza kuvumilia kukatika kwa umeme katikati ya kazi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya nje) haivumilii, na umeme ukikatika wakati diski inagawanywa upya unaweza kupoteza zaidi ya ulichokuwa umepoteza mwanzo. Mahali ambapo umeme haujatulia, kazi fupi ina thamani kuliko kazi kamili.

## Ujuzi unaotakiwa

Kusakinisha upya ndiko rahisi, na sioni aibu kwa anayekuchagua kwa sababu hiyo. Kurudi nyuma kunafuatia: menyu ya GRUB (bonyeza Esc kwenye UEFI, au shikilia Shift kwenye BIOS, mara tu nembo inapopotea), mstari wa `Advanced options`, kisha kerneli ya pili kwenye orodha. Watumiaji wa openSUSE wamepewa raha zaidi, kwa kuwa picha zao za Btrfs hujipanga zenyewe kwenye menyu hiyo, na wa FreeBSD wenye ZFS wana amri ya `bectl` kwa jambo kama hilo.

Kutengeneza ndani kunadai utulivu zaidi kuliko elimu. Ubuntu hukupa menyu yenye chaguo za `fsck`, `dpkg` na `root`. Debian huomba neno la siri la root, na kama wakati wa kusakinisha uliliacha wazi, utakutana na ujumbe kwamba akaunti ya root imefungwa na hutaingia popote; hapo unahamia fleshi, au unabonyeza `e` kwenye GRUB na kuongeza `init=/bin/bash` mwishoni mwa mstari wa `linux`. (Ndiyo, yeyote aliyekaa mbele ya mashine yako anaweza kufanya hivyo hivyo, na ndiyo sababu watu hufunga diski kwa LUKS.) Kumbuka kwamba humo diski hupachikwa kwa kusoma tu hadi uandike `mount -o remount,rw /`.

Fleshi ni rahisi kwa kutazama na kunakili, ngumu kiasi kwa kutengeneza. Kurekebisha GRUB au initramfs kunahitaji uingie ndani ya mfumo mgonjwa kwa `chroot`, na hatua zake zina mpangilio wake:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
update-initramfs -u -k all
update-grub
```

Namba za sehemu zitatofautiana. Amri ya `lsblk -f` ndiyo ikuambie zako, usizinakili hizi kwa macho yaliyofumba.

## Inamfaa nani

Kutengeneza ndani kunamfaa mwenye mashine moja, asiye na fleshi wala bando, ambaye skrini yake inampa ujumbe unaosomeka. Fleshi inamfaa mwenye data asizokuwa tayari kuzipoteza, fundi anayepokea mashine za watu, na yeyote anayeshuku maunzi. Kurudi nyuma kunamfaa anayesasisha mara kwa mara na aliyejiandaa. Asiyejiandaa ana kerneli ya zamani tu, ambayo si haba. Kusakinisha upya kunamfaa ambaye faili zake ziko mahali pengine, au aliyeurithi mfumo uliochezewa na watu wengi hata hakuna anayejua nini kiliongezwa wapi.

## Kwa hali yako

Umeme umekatika na umeangukia `initramfs`: andika `dmesg` kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna `I/O error`, endesha `fsck` hapo hapo kisha `reboot`. Zipo, zima mashine na utafute fleshi na diski ya kunakilia.

Umesasisha jana, leo skrini ni nyeusi au Wi-Fi imetoweka: anza na kerneli ya zamani. Ikiwaka, huna haja ya haraka. Tafuta kama draiva ya ziada, hasa ya Nvidia au Broadcom, ilishindwa kujengwa kwa kerneli mpya, na tazama `mokutil --sb-state`, kwa kuwa Secure Boot, ulinzi wa UEFI wakati wa kuwaka, hukataa moduli (vipande vya kerneli kama draiva) zisizosainiwa. Skrini ikiwa nyeusi kwenye kerneli zote, ongeza `nomodeset` kwenye GRUB uone kama picha inarudi.

Unaandika neno la siri, skrini inameta, na unarudishwa pale pale: bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, uandike `df -h`. Ikiwa imejaa, `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hupata nafasi ya kupumulia. Hapa kusakinisha upya ni kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama.

Mashine inaganda ovyo, na programu tofauti zinajifunga bila mpangilio: usiguse mfumo kwanza. Memtest86+ usiku kucha, na asubuhi tafuta ndani ya `dmesg` mistari inayotaja `temperature` na `throttled`. Ikiwa ni joto, vumbi la feni na dawa iliyokauka juu ya prosesa vitakuwa vimejibu.

Mna maabara ya shule yenye mashine ishirini zinazofanana, na moja imegoma: hapo uchunguzi wa saa tatu hauna faida kwa mwalimu mwenye kipindi saa nne. Ipimeni diski kwa `smartctl`, na ikiwa nzima rudisheni nakala iliyotayarishwa kwa Clonezilla. Ikiwa si nzima, iwekeni pembeni na karatasi iliyoandikwa namba 197 ilisomeka ngapi na tarehe ya siku hiyo.